Virusi vya Nyuki Hupanda Boda: Uzoefu Wangu wa Ufugaji Bwera

Hapa Bwera, magharibi mwa Uganda, nyuki akifa mshitakiwa ni mmoja tu: dawa. Jirani kapulizia nyanya, au wale wa tambarare wamepulizia pamba, na nyuki wamelipa. Mara nyingi ni kweli kabisa. Nyuki waliouawa na sumu wanajulikana: wanaanguka kwa wingi siku moja, ndimi zimetoka nje, na mbele ya mzinga unakuta rundo. Lakini kuna kupungua kwingine kusiko na rundo. Kundi lililokuwa likinguruma mwezi wa tatu, ukiligonga kwa kidole mwezi wa sita linajibu kwa unyonge. Vibarua, yaani nyuki wafanyakazi, wanatoka asubuhi hawarudi. Malkia mpya hatokei. Mwenye mzinga anazunguka mashamba ya watu akimtafuta aliyepulizia, na hampati.

Mimi nimefuga nyuki tangu nilipoolewa huku chini ya Rwenzori, hatua chache kutoka Mpondwe, mpakani na Kongo. Baba mkwe alikuwa na mizinga ya magogo, mmoja juu ya mkuyu nyuma ya nyumba, mwingine ng'ambo ya shamba la kahawa, mwingine huko chini kuelekea mto Lhubiriha. Hakuna miwili iliyotazamana. Nyuki waliingia wenyewe na waliondoka wenyewe, na yeye alikuwa akisema: "Nyuki ni mgeni. Akikaa shukuru, akiondoka usimkimbize." Wakati huo niliona ni maneno ya mzee aliyechoka kupanda miti.

Sisi wanawake tuliingia kwenye kazi hii kwa sababu ya mizinga ya KTB, kwa kirefu Kenya Top Bar, ile ya mbao yenye vipande vya mti juu ambavyo nyuki wanajengea masega. Inaning'inizwa kwa waya usawa wa kiuno, hupandi mti, na unaweza kuchunguza sega mojamoja bila kubomoa nyumba nzima. Sitaisema vibaya mizinga hiyo. Imesomesha watoto wangu. Ila ilikuja na desturi ambayo magogo hayakuwa nayo. Tukaanza kuipanga kwa mistari. Tukaanza kugawa makundi, kuhamisha masega, kuuziana nyuki. Na kadiri mkono wa mtu ulivyozidi kuingia ndani ya mzinga, ndivyo nilivyozidi kukutana na mambo ambayo baba mkwe hakuwa na jina lake.

La kwanza lilikuwa vyumba vya malkia. Anayegawa kundi anajua: nusu moja unaiacha na malkia, nusu nyingine unaiacha na majana wachanga, yaani watoto wa nyuki, na vibarua wakigundua hawana mama wanachagua majana wachache, wanawajengea vyumba virefu vinavyoning'inia kama karanga kwenye sega, wanawalisha chakula cha kifalme. Tangu yai litagwe hadi malkia atoke ni kama siku 16. Kuna msimu vyumba vingi havikufunguka. Siku zilipita, nikasubiri, nikasubiri tena, kundi likabaki yatima.

Nilichukua kisu kidogo cha kumenyea viazi nikapasua kimoja. Kwa nje ukuta wake ulikuwa umeingia rangi ya kahawia iliyokolea, karibu nyeusi, hasa upande wa chini. Ndani malkia alikuwa amefia katika hali ya pupa, si buu tena na si nyuki bado. Rangi yake ya njano iliyofifia, ngozi ngumu kiasi, na nilipoigusa kwa ncha ya kisu ikatoa maji. Hakunuka. Cha pili hivyohivyo. Cha tatu kilikuwa na malkia mzima anayetembea, na huyo alinichanganya zaidi kuliko wale wafu, maana wote walilelewa na vibarua walewale, kwenye sega lilelile.

Kulikuwa na kijana wa Makerere aliyekuja wilayani kwetu kukusanya sampuli za nyuki. Nilimwonyesha. Akaniambia, mama, kwa macho tu siwezi kukuthibitishia, hili ni la maabara, lakini dalili hii ina virusi wake unaojulikana, na ndio virusi wa kwanza kuthibitishwa katika nyuki wa Uganda. Akanieleza juu ya utafiti uliochapishwa mwaka 2010: walichukua nyuki kutoka kanda mbalimbali za nchi, wakatafuta virusi saba, wakakuta mmoja tu, huu unaoua malkia ndani ya chumba chake na kukitia weusi. Waliukuta katika zaidi ya theluthi moja ya sampuli. Nyuki waliopimwa walikuwa wakubwa, wanaoruka, wasioonyesha dalili yoyote.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Kibarua anaubeba na haugui kwa namna unayoweza kuiona. Nyuki wanalishana mdomo kwa mdomo mchana kutwa, na wale vijana wanaolisha majana ndio wanaoutia kwenye chakula. Kundi litakaa na virusi hao mwaka mzima, litatoa asali, utalisifu kwa wenzako. Siku unapolitaka litengeneze malkia, ndipo linakudai. Tena vibarua wa usafi wanapoburuta pupa aliyekufa kumtoa nje, wanalamba yale maji, na mzunguko unaanza upya. Kuna pia kimelea kidogo cha tumboni, nosema, ambacho kinaandamana sana na virusi hawa. Utumbo wa nyuki ukishajeruhiwa, mlango uko wazi.

Kwa hiyo siku hizi chumba cha malkia kilichokataa kufunguka sikiachi. Nakikata na kipande chake cha sega, nakitia motoni palepale kwenye makaa ya bomba la moshi. Na majana wa kulelea malkia nawatoa kwenye makundi ambayo vyumba vyake vilifunguka vyote msimu uliopita. Hakuna elimu kubwa hapo. Mkulima wa mahindi pia hachagui mbegu kwenye gunzi lenye fangasi.

Jambo la pili ni utitiri wa varoa, mdudu mdogo kama kupe, na hapa nitakaa zaidi kwa sababu ndiko virusi vinakopatia usafiri.

Yule kijana alituita jioni, jua limeshuka, kwa sababu nyuki wetu hawana mchezo saa za mchana. Alikuwa na chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, kifuniko chake kimekatwa katikati na kuwekwa wavu mdogo. Alikung'uta nyuki kutoka sega la majana, nusu kikombe hivi, ambao ni kama 300, baada ya kuhakikisha malkia hayumo. Akatia kijiko cha sukari laini ya unga, ile ya kupambia keki, akaizungusha chupa taratibu mpaka nyuki wote wakawa weupe kama waokaji. Akaiacha dakika moja mbili. Kisha akaigeuza juu ya sahani nyeupe yenye maji kidogo, akaitikisa kama mtu anayechekecha unga. Sukari ikayeyuka. Juu ya maji vikabaki vitu vidogo vya rangi nyekundu ya kahawia, bapa, upana wake ukizidi urefu, kama milimita moja na nusu. Vilikuwa na miguu, na miguu ilikuwa inakwenda. Nyuki wenyewe walirudishwa mzingani wakiwa hai, wenzao wakawalamba sukari.

Mama mmoja katika kikundi chetu alirudi nyuma hatua mbili. Akasema: "Hivi kweli mimi ningekuwa na kupe wa ukubwa wa sahani mgongoni, ningeenda kutafuta chakula?" Ni ukubwa huohuo kwa kipimo cha nyuki.

Varoa asili yake si huku wala si kwa nyuki wetu. Alikuwa akiishi Asia kwa nyuki wa kule, Apis cerana, ambaye pia hufugwa mizingani na ambaye walishazoeana naye: nyuki anamkwangua, utitiri unazaliana zaidi kwenye majana ya madume, kundi linaendelea. Watu walipopeleka nyuki wa Ulaya kwenye nchi hizo, mizinga ikakaa jirani, na katikati ya karne iliyopita utitiri ukavuka. Kutoka hapo ukasafirishwa na mizinga karibu dunia nzima. Afrika Kusini ulionekana mwaka 1997. Kenya na Tanzania ulithibitishwa mwaka 2009. Hapa Uganda watafiti waliukuta baadaye kwenye nyanda za juu za mashariki na za magharibi, yaani na sisi tumo.

Kunyonya kwake tu kungekuwa balaa la kutosha. Watu walizoea kusema unanyonya damu. Utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha unakula hasa mafuta ya mwilini mwa nyuki, ile tishu inayomhifadhia nguvu na kumkinga na magonjwa. Lakini ubaya mkubwa ni kwamba unatoboa. Virusi vilivyokuwa vikipita kinywani, ambako mwili wa nyuki una kinga fulani, sasa vinadungwa moja kwa moja ndani, tena kwa pupa aliye ndani ya chumba kilichofunikwa ambaye hawezi kukimbia. Virusi wanaonufaika kuliko wote ni wale wanaopotosha mabawa. Nyuki anazaliwa na mabawa yaliyokunjamana, tumbo limefupika, anatambaa mlangoni, anaanguka kwenye nyasi, na hafikishi siku nyingi. Wengine wanazaliwa wakionekana wazima lakini wanakufa mapema, ndio wale vibarua wanaotoka asubuhi hawarudi.

Mfano unaonisaidia kuwaelewesha watu ni wa Hawaii, kwa sababu kule jambo lilitokea mbele ya macho ya watafiti. Visiwa vile vilikuwa na nyuki bila varoa hadi mwaka 2007 ulipoingia kisiwa kimoja, halafu cha pili mwaka uliofuata. Virusi wa mabawa walikuwepo kabla, kwenye kundi moja kati ya kumi hivi, wa aina nyingi nyingi na wasio na makali. Palipoingia utitiri, walipatikana kwenye kila kundi, na zile aina nyingi zikapukutika ikabaki moja iliyotawala. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2012. Miaka minne baadaye watafiti wengine walilinganisha virusi hao kutoka nchi nyingi, wakahitimisha kwamba kuenea kwao duniani ni jambo la karibuni, na chimbuko la usambazaji ni nyuki wa Ulaya wanaouzwa na kusafirishwa na watu.

Na msidhani mateso yanakwenda upande mmoja. Huyo huyo nyuki wa Asia aliyemvumilia varoa ameangushwa na virusi wengine, wale wanaomgeuza buu kuwa kifuko cha maji ndani ya chumba chake. Kwa nyuki wetu ugonjwa huo mara nyingi ni mwepesi, unakuja na kupita. Kwa Apis cerana ulilipuka Thailand mwaka 1976, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukafagia sehemu kubwa ya mizinga ya nyuki hao kusini mwa India.

Watu wakishasikia haya yote wananiuliza swali la haki: mbona nyuki wetu hawajaisha? Wako hapa, wanauma kama zamani.

Jibu lake ndilo limebadilisha ufugaji wangu kuliko mafunzo yoyote niliyohudhuria. Watafiti waliozunguka Kenya baada ya varoa kuingia, wakachapisha mwaka 2014, walikuta utitiri karibu kila mahali isipokuwa pembe za mbali za kaskazini, walikuta na virusi pia, lakini makundi yalikuwa yanaishi bila dawa yoyote. Ulaya na Marekani, kundi la nyuki lisilotibiwa varoa kwa kawaida hufa ndani ya miaka michache. Wa kwetu anasafisha vyumba vyenye majana wagonjwa, anajikwangua, na kubwa zaidi, anahama. Anagawanyika kundi mara kwa mara. Chakula kikikata anaondoka na kuacha masega. Utitiri unazaliana ndani ya chumba kilichofunikwa tu; kundi linaloruka angani halina chumba hata kimoja. Linaacha nyuma majana wagonjwa, masega machafu, na sehemu kubwa ya utitiri. Linaanza nyumba mpya kwa nta mpya.

Sasa fikirieni jinsi sisi tunavyoihesabu safari hiyo. Katika kila mradi niliouona, nyuki kuhama ni hasara, inaandikwa kwenye daftari kwa wino mwekundu. Tunafundishwa kuwazuia: walishe, wape mzinga mkubwa, kata vyumba vya malkia wasigawanyike. Na ni kweli, kundi kubwa lililozuiwa linatoa asali nyingi. Mimi pia nauza asali, siwezi kujifanya sijali ndoo. Lakini anayemzuia nyuki wetu asihame na asigawanyike anamwondolea kinga yake, na hana cha kumpa badala yake, kwa sababu dawa ya virusi vya nyuki haipo. Nimeamua kuishi na mizinga michache mitupu kila mwaka. Baba mkwe angecheka.

Mradi mmoja, ambao sitautaja, ulituletea makundi tayari. Wazo lilikuwa zuri: wanawake wasisubiri nyuki waingie wenyewe, waanze kulina msimu huohuo. Nyuki walikusanywa kutoka wilaya tofauti, wakaja usiku kwenye lori, wakapangwa chini ya mikaratusi mstari mmoja mrefu, mizinga yote imepakwa rangi moja ya njano, milango yote inatazama upande mmoja, mzinga na mzinga bega kwa bega. Ukipiga picha inapendeza sana. Picha zilipigwa.

Nyuki anayerudi na mzigo haoni picha. Anaona milango inayofanana, anaingia wa jirani, na akiwa amebeba mbochi na chavua analakiwa vizuri. Ndivyo virusi na utitiri vinavyotembea mstari mzima bila mtu kugusa kitu. Kisha kiangazi kikafika, chakula kikapungua, makundi yenye nguvu yakaanza kuibia yaliyo dhaifu. Anayeiba asali kwenye mzinga unaokufa anarudi kwake na kilichouua. Kabla mvua za mwezi wa nane hazijakolea, tulianza kuona kwenye nyasi nyuki wanaotambaa, mabawa yamekunjamana. Mizinga ya mwishoni mwa mstari ndiyo iliyojaa zaidi, kwa sababu nyuki waliopotea njia huishia huko.

Kikundi kilikutana chini ya mwembe. Wengine walisema dawa ya nyanya. Mmoja alisema ni mtu mwenye wivu. Kisha akatokea muuzaji na pakiti za dawa ya unga, ya kuchanganya na maji ya sukari, akasema inatibu nyuki. Niliisoma pakiti: ilikuwa antibiotiki, ileile wanayopewa kuku. Antibiotiki huua bakteria, virusi haiwagusi. Ila inabaki kwenye asali. Uganda imo kwenye orodha ya nchi zinazoruhusiwa kuuza asali Ulaya, na ruhusa hiyo inategemea vipimo vya mabaki ya dawa kama hizi. Nilisema hivyo mkutanoni, na sikupendwa. Mwenye huzuni anataka apewe kitu cha kununua. Waliokwishanunua walinunua, na nyuki wao waliendelea kutambaa.

Tulichofanya kwa mizinga iliyobaki hakikuhitaji fedha. Tuliivunja safu. Mingine ikapelekwa kwenye mashamba ya kahawa juu, mingine karibu na mto, tukaitenganisha na kuigeuzia milango huku na huku. Iliyobaki jirani tulibandika alama mbele: kwangu mduara wa bluu, kwa mwenzangu msalaba mweupe, mwingine kipande cha gunia. Makundi dhaifu hatukuyaunganisha na yenye nguvu, jambo ambalo mtaalamu aliyekuja alilipendekeza na mimi nikalikataa hadharani kwa heshima zote. Ukiunganisha mgonjwa na mzima hupati wawili wazima. Mizinga iliyokufa tuliziba mlango siku ileile ili wasije wezi. Masega yenye majana na mkate wa nyuki, ile chavua waliyoihifadhi, tuliyachoma, yale ya asali tupu tuliyachuja, na nta tuliichemsha. Ndani ya mbao tulikwangua, tukaosha kwa maji ya sabuni, tukasuuza kwa jiki, tukaanika juani, halafu tukapitisha moto wa majani makavu ya ndizi mpaka mbao zikageuka rangi kidogo. Visu na manyoya ya kufagilia nyuki sasa vina ndoo yake ya maji ya sabuni. Kwenda mzinga hadi mzinga na kisu kilekile chenye asali nilikuwa nimekuona tangu nianze kazi hii, kwa kila mtu, hata kwa walimu wetu.

Kuhusu chakula cha kiangazi, wapo wanaowalisha nyuki asali ya bei rahisi kutoka sokoni. Virusi vya nyuki vimepatikana ndani ya asali na kwenye chavua, hata chavua iliyobebwa na nyuki asiyeugua. Ukinunua asali usiyoijua ukaimwaga mbele ya mizinga yako, umeita magonjwa ya wilaya nzima mezani. Maji ya sukari yanatosha, ndani ya mzinga, jioni.

Biashara ya nyuki ya mpakani ni habari nyingine. Siku za soko la Mpondwe kuna kijana anayevuka kutoka Kasindi, upande wa Kongo, na makasha ya karatasi kwenye boda, ndani mna masega matatu manne yaliyofungwa na nyuki wake, majana na vyote. Ni mwerevu, ana maneno matamu.

"Mama, hawa ni wa porini kabisa. Nyuki wa pori hana ugonjwa."

"Amekuambia nani?"

"Si unawaona wanavyoruka? Ugonjwa wa nyuki mtu anauona wapi?"

Nikaenda kuchukua chupa yangu ya sukari. Tulifanya pale nyuma ya kibanda cha chapati, watu wakakaa mbali. Sahani ilipopata vile vidude vyekundu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa haraka ya mfanyabiashara kwamba huyo ni mmoja tu, kundi lingine halina. Sikumlaumu, mzigo wake ulitoka mbali na alikuwa na nauli ya kulipa. Tulikubaliana hivi: kwangu alete nyuki waliogawanyika wenyewe, wa kwenye tawi, bila sega. Bei ni ndogo kidogo, lakini hana shida ya masega kuvunjika njiani, na mimi sipokei majana wa mtu. Nikiwapata nawaweka mzinga wa peke yake, mbali na wengine, mpaka nione majana yao ya kwanza yametoka na mabawa yaliyonyooka. Wenzangu wengi bado wananunua yenye masega, kwa sababu yanaanza kazi upesi. Siwashindi kwa maneno.

Ninaloliogopa zaidi ya boda wa Kasindi ni ujumbe unaozunguka kwenye simu: malkia wa Ulaya, wapole, wa asali nyingi, wanaletwa kwa ndege. Malkia anaweza kuja na virusi vyake ndani ya mayai, na huja na vibarua wa kumhudumia njiani. Uingereza wamelipima jambo hili. Kuna virusi wanaompoozesha nyuki, anatetemeka, anapoteza manyoya, anabaki mweusi anayeng'aa na walinzi wanamkataza kuingia kwake. Kati ya 2007 na 2017 ugonjwa huo uliongezeka kwa kasi kule, na ulionekana zaidi kwa wafugaji wakubwa na kwa wale walioagiza nyuki kutoka nje. Australia walilinda mipaka yao miaka yote, varoa akaonekana kwenye bandari ya Newcastle mwaka 2022, wakaangamiza mizinga kwa maelfu, na mwaka uliofuata serikali ikakubali kwamba haiwezi kuufuta tena. Sisi tuna nyuki anayeishi na utitiri bila dawa. Kumchanganyia damu ya nyuki asiyeweza, ili apunguze kuuma, ni bei ambayo mimi siilipi. Vaa mavazi mazuri, fanya kazi jioni.

Halafu kuna wasio na mzinga. Ukutani kwangu, kwenye ufa wa udongo, wanaishi wale nyuki wadogo wasiouma, na kwenye maharage asubuhi wapo nyuki wakubwa weusi wa kutoboa mbao. Wote wanatua kwenye ua lilelile alilotoka kibarua wangu. Ulaya imethibitishwa kwamba virusi wa mabawa wameingia kwa nyuki pori wenye manyoya kutoka kwenye mizinga ya watu. Wao hawana kikundi wala daftari, hakuna atakayekuja kuuliza wameenda wapi.

Msimu huu kikundi kimekubaliana mambo machache kwa maandishi: hakuna mzinga mpya kuingia bila kupimwa kwa sukari, mizinga isizidi kumi mahali pamoja, na anayeona mabawa yaliyokunjamana aseme kabla ya kuhamisha chochote. Bado tunabishana juu ya nauli ya kupeleka mizinga juu kabla kahawa haijachanua. Wenye mashamba ya chini wanasema wenye kahawa walipe, maana nyuki watawazalishia. Wenye kahawa wanasema asali ni ya nani. Tunakutana tena Jumapili baada ya misa.